Uzi Mwekundu

SEHEMU YA KWANZA

Fundi cherehani akitaka kutunga sindano hufumba jicho moja. Hakuna aliyetufundisha, mkono ukiinua uzi, jicho linajifumba lenyewe. Mimi hufumba la kushoto.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili, jua la Tanga limekaa juu ya mabati ya Ngamiani. Nilikuwa na gauni ishirini na mbili za sare ya harusi, satini nyekundu tupu, na zilitakiwa Ijumaa. Nikainua uzi, nikafumba la kushoto, nikaona uzi si wenyewe.

"Mwajuma, umeniletea uzi gani? Nimekutuma mwekundu, wewe unaniletea wa matofali."

Mwanafunzi wangu akautazama, akanitazama mimi. "Dada Zaituni, mbona huo ndio mwekundu?"

Nikamrudisha dukani. Akarudi na kidonge kingine cha uzi, na huyo muuza duka kacheka sana. Nikakiweka kidonge kipya mezani, juu ya kitambaa chenyewe. Nikafumba jicho la kulia: uzi ukawa damu ya kuku, mwekundu unaopiga kelele. Nikafumba la kushoto: uzi ukawa khanga iliyoanikwa juani mwaka mzima. Nikafanya hivyo mara kumi, kulia, kushoto, kulia, mpaka Mwajuma akaanza kuogopa. Kitambaa nacho kilibadilika vilevile. Kumbe uzi haukuwa na kosa.

Mtu akaingia mlangoni, nikageuza jicho kumtazama bila kugeuza kichwa. Ikaniuma ajabu, kama mtu kaushika mzizi wa jicho kwa nyuma akauvuta.

Siku zile tatu nilishona kwa kubahatisha. Asubuhi kulikuwa na nafuu. Jua likipanda, ukungu nao unapanda; saa saba mchana, nikitoka kununua maji, upande wa kulia wa dunia unakuwa moshi. Jioni nikijimwagia maji ya baridi ya kisimani, rangi zinarudi kidogo. Bi Rukia wa nyumba ya pili akasema hilo ni jini la mchana, halipendi maji. Nikacheka, ila nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba kweli halipendi maji.

Alhamisi usiku nikamaliza gauni la ishirini na mbili. Shabani, mume wangu, alikuwa karudi kutoka zamu ya bandarini, akanikuta nimelala juu ya meza. Akanibeba mpaka kitandani.

Adhana ya alfajiri ikaniamsha. Nilikuwa nimelalia ubavu wa kushoto, uso umezama kwenye mto. Nikafumbua jicho. Giza.

"Baba Nasra, umeme umekatika?"

"Umeme upo, mke wangu. Taa inawaka."

Nikanyanyua kichwa na jicho la kushoto likatoka kwenye mto. Taa ilikuwa inawaka kweli. Nikakaa, nikashusha miguu niende kutia udhu, na mguu wa kulia haukuisikia sakafu. Niliuona umekanyaga, ila haukunipa habari yoyote. Si baridi ya saruji, si mchanga wa mlangoni.

Shabani alidhani nalia kwa sababu ya jicho. Sikumwambia kwamba sakafu ilishawahi kunipotea mara moja kabla, miaka sita nyuma, katika nyumba ya watu, ng'ambo ya bahari. Na kwamba katika Tanga nzima niliyejua habari hiyo ni mimi peke yangu.

Au ndivyo nilivyoamini.

SEHEMU YA PILI

Daktari wa macho alinisomesha herufi ukutani, akanimulika, akanichungulia kwa mashine yake mpaka nikahisi anatafuta sarafu iliyodondoka. Mwisho akaegemea kiti.

"Jicho ni zima."

"Lakini halioni, dokta."

"Ndiyo. Wewe huoni kitu, na mimi sioni kitu." Akatabasamu kidogo, nikajua si mara ya kwanza kuisema. "Tatizo liko nyuma ya jicho, kwenye mshipa unaopeleka picha ubongoni."

Akanionesha alivyojua. Alikuwa akihamisha tochi kutoka jicho moja hadi jingine. Mboni ya jicho zima ikipigwa na mwanga hunywea. Ya kwangu ya kulia, tochi ikiifikia, ilikuwa inatanuka, kwa kuwa habari ya mwanga ilikuwa haifiki ipasavyo. Akaandika barua kwa daktari wa mishipa ya fahamu, Dar es Salaam. "Usikae," akasema. "Na huo mguu umwambie."

Kabla ya Dar kulikuwa na kituo kimoja, nami sitakieleza kwa urefu. Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, alinipeleka kwa mtu wake, na mtu huyo akasema nimekanyaga kitu mlangoni kwangu. Kuku akatoka, pesa ikatoka. Simcheki mama. Aliyeona mkamwana wake anaanguka mchana kweupe bila kujikwaa atafute jibu wapi?

Shabani hakupewa ruhusa kazini, kwa hiyo tulipanda basi mimi na mama. Segera, Mkata, Chalinze. Njia nzima alikaa na mkoba wake magotini, mikono miwili juu yake. Nilipomwambia auweke juu ya kichanja akasema humo mna dawa zake za presha.

Yule daktari wa Dar alikuwa na mikono ya fundi. Alinigonga magoti, miguu ikaruka kupita kiasi. Akanikwaruza unyayo kwa ncha ya ufunguo na dole gumba likainuka juu badala ya kukunjika. Kwa mtu mzima, akasema, halitakiwi kufanya hivyo. Akaniwekea kichuma cha matawi mawili kinachovuma juu ya kifundo cha mguu. Kushoto nilisikia kinatetema kama cherehani. Kulia nilisikia chuma tu, kimenyamaza.

"Inamisha kichwa. Kidevu kiguse kifua."

Nikainamisha, na shoti ikashuka. Nimewahi kupigwa na pasi yenye waya uliochubuka. Ilikuwa ileile, ila hii ilianzia shingoni, ikateremka mgongoni hadi kwenye vidole vya miguu. Nikapiga kelele. Mama akasimama.

"Pole," daktari akasema. "Ishara hiyo ina jina. Mfaransa mmoja, Jean Lhermitte, aliieleza 1924. Inaniambia kuna kitu kwenye uti wa shingo." Akachukua kalamu. "Sasa swali kubwa kuliko hayo yote. Imeshawahi kukutokea kitu kama hiki? Ganzi, jicho, miguu kulegea, hata kama ni zamani, hata kama kiliondoka chenyewe?"

Mama mkwe wangu yuko kwenye kiti cha pili, mkoba magotini. Ndiye aliyemuuliza shangazi yangu, siku ya posa: binti hana maradhi? Na shangazi akajibu: buheri wa afya, kama mnavyomwona.

"Hapana, dokta. Mara ya kwanza."

Aliandika. Niliiona kalamu inaandika uongo wangu kwa wino wa buluu.

Nikapelekwa kupigwa picha. Kile chombo cha MRI ni pipa lenye tundu, unaingizwa humo kama mkate kwenye tanuri la bofulo. Kelele zake kwa wengine ni za kutisha. Kwangu zilikuwa za nyumbani. Kwanza nyundo juu ya bati, halafu ovaloki tatu zinashona kwa pamoja. Gharama yake ilikuwa sare za harusi mbili, pamoja na mishono ya akina mama wa pembeni. Sindano ya dawa inayong'arisha picha, ambayo huonesha baka lipi bado lina moto, siku ile haikuwepo.

Kesho yake daktari akageuza kioo cha kompyuta kutuelekea. Ubongo wangu ulikuwa wa kijivu, na ndani yake mabaka meupe. Baadhi yalikuwa marefu kama vidole, yanaanzia kwenye vishimo vya maji katikati na kuelekea nje.

"Mama Nasra, waya wa pasi una nini juu yake?"

"Mpira. Na kitambaa."

"Mishipa ya fahamu nayo ina gamba lake, linaitwa mayelini. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa watu wengine askari hao hugeuka, wakalichubua gamba hilo kama adui. Waya ukichubuka habari zinachelewa au hazifiki. Ukipona, gamba linajirekebisha, lakini si kama lile la kiwandani. Ndiyo maana jua linakumaliza. Waya uliochubuka haustahimili joto. Mjerumani Uhthoff aliliona hilo 1890, na zamani madaktari walimtumbukiza mgonjwa kwenye maji ya moto waone kama atalegea. Wewe Tanga yenyewe imekupima."

Bi Mwanahawa akanong'ona, "Kwa hiyo si jini."

"Si jini, mama. Ninaoufikiria unaitwa maltipo sklerosisi, MS kwa kifupi. Makovu mengi. Jean-Martin Charcot aliueleza Paris, 1868, katika hospitali ya Salpêtrière. Husimuliwa kwamba mmoja wa wagonjwa wake wa mwanzo alikuwa mtumishi wa nyumbani kwake."

Nilitazama chini. Mtumishi wa nyumbani.

"Naufikiria, sijasema ndio huo," akaendelea. "Malaria ina kipimo: tone la damu, ndiyo au hapana. Huu hauna. Tangu 2001 tunafuata kanuni zilizopewa jina la Ian McDonald, na zimerekebishwa mara kadhaa, lakini kwa miaka mingi kiini kimekuwa kimoja: nioneshe kwamba mwili umeshambuliwa mahali tofauti, na nyakati tofauti. Kisha niondoe kila ugonjwa mwingine unaofanana nao. Picha hii imenionesha wapi. Lini, haijanionesha."

Akamwomba mama apeleke karatasi kwa mhasibu, chini. Mama akainuka, akatoka, mlango ukajifunga. Daktari akafungua picha nyingine, ya uti wa mgongo, akaweka kidole.

"Uti umenywea hapa. Kovu hili si la mwezi huu, mama Nasra, wala si la mwaka huu. Tuko wawili tu sasa. Nakuuliza tena."

Nikafungua mdomo. Nyuma yangu mlango ukalia.

"Mwambie, mwanangu," ilisema sauti ya Bi Mwanahawa, pole pole kabisa. "Mwambie habari za Maskati."

SEHEMU YA TATU

Sikugeuka. Kuna wakati shingo ina aibu kuliko uso.

Akaja akakaa kwenye kiti chake, akaitazama ile karatasi ya malipo aliyokuwa hajaipeleka. Aliniambia kwamba nilipojifungua Nasra, ndani ya arobaini, alifungua sanduku langu atafute khanga za kumbebea mtoto. Chini kabisa akakuta bahasha ya kaki yenye nembo ya hospitali. Akaipeleka kwa mpwa wake aliyesoma, akamsomea. Akairudisha ilipokuwa.

"Miaka mitano, mama?"

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Basi nikasema, na nilimwambia daktari, maana mama nilishindwa kumtazama.

Nilikuwa mtumishi Maskati, mtaa wa Seeb, nyumba ya watu wema. Mwezi wa nane, joto la kule mnalijua mliofika. Nilianza kuhisi mkanda umenibana chini ya matiti, kama mtu kanivisha koseti akaivuta kamba kwa mguu. Nikafungua vifungo vya gauni, mkanda haukulegea, maana haukuwepo. Siku ya tatu nikajimwagia maji ya moto kwa bahati mbaya, na kuanzia kitovuni kwenda chini sikusikia chochote. Nililiona paja likiwa jekundu. Nilijua nimeungua kwa macho tu. Kesho yake miguu haikunibeba. Bibi mwenye nyumba alinipeleka hospitali, wakanitia kwenye pipa lile, wakasema uti wa mgongo umepata moto, wakanitundikia dripu siku tano. Mdomo mzima ukawa na ladha ya shilingi. Baada ya wiki tano nilitembea. Wakanipa bahasha na tiketi ya kurudi. Nilishuka Tanga nasema mkataba umekwisha, na mwezi wa pili wake nikaolewa.

Daktari alikuwa haandiki tena. "Ndani ya bahasha kulikuwa na nini? Karatasi tu?"

"Na diski. Ila iko Tanga, dokta, kwenye..."

Bi Mwanahawa alifungua mkoba. Mkoba ule ambao hakuuachia tangu Segera. Akatoa dawa zake za presha, akatoa tasbihi, akatoa bahasha ya kaki, akaiweka mezani.

Nimeshona nguo za watu miaka mingi na nimeona mengi kwenye vyumba vya kupimia. Sijawahi kuona mtu akifurahi kwa taarifa mbaya kama yule daktari. Aliipuliza ile diski kama kaseti. Picha mbili zikakaa upande kwa upande: mimi wa Maskati, mimi wa leo. Kwenye ubongo wa kwanza mabaka mawili. Kwenye wa pili niliacha kuhesabu.

"Hii ndiyo 'lini' niliyokuwa naitafuta," akasema. "Ningeweza kuitafuta kwa njia nyingine, lakini hakuna iliyo nyepesi kama mgonjwa kusema ukweli. Mwanzoni maradhi haya mara nyingi huja kwa vipindi. Linakuja pigo, linaondoka, mtu anasahau, anaolewa, anazaa. Halafu linakuja lingine mahali pengine, na daktari mwingine analiona kama jipya. Kila mmoja ana sehemu moja ya hadithi. Mwenye zote ni wewe."

"Kwa hiyo ni huo," nikasema. "MS."

Hapo akanyamaza. Akaivuta picha ya zamani ya uti, akapima kwa kidole, akapima tena.

"Kuna kitu sikipendi. Kovu la MS kwenye uti huwa fupi, aghalabu halizidi pingili moja au mbili. Hili lako la Maskati lilipita pingili tatu. Pigo la jicho, na pigo refu la uti. Kuna ugonjwa mwingine wenye sura hiyohiyo, nyuromayelitisi optika. Wengi waliuhesabu kama aina ya MS, mpaka 2004 ilipogunduliwa kingamwili inayoutambulisha. Na kwa sisi weusi ni lazima uwazwe mapema."

"Si dawa zitakuwa zilezile?" mama akauliza.

"Hapo ndipo shida ilipo, mama. Baadhi ya dawa zinazomsaidia mwenye MS zinaweza kumwongezea maradhi mwenye huu mwingine."

Chumba kikawa kimya, feni peke yake ndiyo iliyosema.

Nikatolewa damu mirija mingi. Ya ukimwi, ya kaswende, ya vitamini B12, ya ugonjwa wa lupasi. Kila mmoja wa hao anaweza kuvaa nguo za MS akaingia harusini. Mrija mmoja uliwekwa pembeni, wa kingamwili, upelekwe nje ya nchi. Kisha nikalazwa ubavu, nikajikunja kama mtoto tumboni, magoti kifuani, na sindano ikaingia kiunoni kati ya pingili. Niliogopa kuliko ilivyouma. Maji yakadondoka tone moja moja, maangavu kuliko ya dafu. Humo, akasema daktari, hutafutwa mistari ya protini ambayo kwenye damu haipo. Zaidi ya wanane katika kila kumi wenye MS huwa nayo. Nikaambiwa nilale, ninywe maji. Kichwa kiliniuma siku mbili.

Dripu ya siku tano nilipewa tena, ileile ya Maskati, na ladha ya shilingi ikarudi. Usiku sikulala hata lepe. Dawa hiyo hufukuza usingizi. Inaharakisha nafuu, akasema daktari, lakini haizuii pigo lijalo. Siku ya nne nilitoa kidonge cha uzi kwenye pochi. Nikafumba la kushoto. Haukuwa damu ya kuku, ila haukuwa tofali tena. Ulikuwa waridi.

Siku ya kuondoka alinishika mkono. "Wengi wenye MS leo wanafanya kazi na kulea, dawa za kuzuia mapigo zipo, na 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza tatu kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Nitakuanzishia. Lakini mpaka majibu yarudi usianze dawa yoyote ya kuzuia. Narudia, mama Nasra. Yoyote."

Basi likaingia stendi ya Tanga jioni. Shabani alikuwa anatusubiri na Nasra mabegani, na mkononi ameshika kidebe cheupe cha kuhifadhia baridi, cha samaki, kimefungwa kwa gundi ya karatasi.

"Nimeshajua kila kitu, mama kanipigia," akasema, na macho yake yalikuwa yanang'aa kama ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Hatungoji mtu. Dawa ninayo."

SEHEMU YA NNE

Binamu yake anafanya kazi duka la dawa Maskati. Watu wa Tanga na Oman, mnatujua: mtu akipiga chafya Seeb, huku tunasema afya. Abiria mmoja aliibeba mpaka Zanzibar, boti ikaileta Dar, gari la mizigo likaileta Tanga, na barafu ilikuwa inabadilishwa kila kituo. Ndani mlikuwa na visanduku vya sindano, intaferoni beta.

Shabani aliusoma ugonjwa kwa simu yake mpaka akawa ananifundisha. Kwamba dawa hiyo ilikuwa ya kwanza kabisa kuidhinishwa Marekani kwa MS, mwaka 1993. Haiponyi, inapunguza mapigo. Kwamba duniani tuko kama milioni 2.9, wanawake angalau mara mbili ya wanaume, wengi tunashikwa kati ya miaka ishirini na arobaini. Kwamba kwetu huku karibu na ikweta ugonjwa ni nadra, na kwa hiyo nadra pia ni madaktari waliouona. Kwamba 2022 watafiti wa Harvard walitumia rekodi za askari wa Marekani zaidi ya milioni 10, wakaona hatari inapanda takriban mara 32 baada ya kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr, ambacho karibu kila mtu mzima anacho.

"Kama kila mtu anacho, mbona mimi?" nikamuuliza.

Hilo simu haikumjibu.

Visanduku vikakaa kwenye friji kati ya mchuzi na maji ya baridi. Kila nikifungua mlango vinanitazama. Wiki ya kwanza Shabani alisubiri na mimi. Wiki ya pili akaanza kunitumia video. Wiki ya tatu tukagombana, usiku, kwa sauti ya chini ili Nasra asisikie.

"Ukingoja karatasi, na mguu wa pili nao uende?"

"Daktari kasema yoyote."

"Daktari halali na wewe, Zaituni. Mimi ndiye ninayekusikiliza usiku ukikokota huo mguu kwenda chooni."

Sikuwa na la kumjibu, na sijui kama yupo mke angekuwa nalo. Mama mkwe wangu hakuingilia. Alipita tu sebuleni, akasema, "Mimi nilingoja miaka mitano. Wiki tatu ni nini?" Akaenda kulala.

Ningeshinda. Wallahi ningeshinda, lakini Alhamisi ile nilikuwa napinda ukosi wa shati, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaanza kuchoma kama vimeshika pilipili. Mkono. Mguu nitaukokota, jicho ninalo la pili, lakini fundi asiye na vidole ni nani? Nilivitikisa, nikavinyonya, nikavitia kwenye maji. Vikaendelea kuchoma mpaka magharibi.

Asije mtu akamlaumu Shabani. Alikuwa zamu ya usiku. Nilifungua friji mwenyewe, saa tatu. Nikasoma karatasi ya maelekezo kwa jicho moja. Sindano yake ni nyembamba kuliko namba 11 ya cherehani yangu, ile ya hariri. Nikafuta paja kwa spiriti, nikabana ngozi kama ninavyobana pindo, nikachoma. Haikuuma hata kidogo. Nilikaa pembeni ya kitanda nikishangaa wepesi wake. Simu nilikuwa nimeizima sauti, nisimpigie mtu nikalia.

Saa sita baridi ikaja. Meno yaligongana mpaka nikauma ulimi. Nikajifunika khanga nne na blanketi. Karatasi ilisema homa baada ya sindano ni kawaida, inapita, na nililishika neno hilo, kawaida, kama mtu aliyeshika bomba la daladala. Kisha baridi ikageuka moto, na moto ukapanda, na nikakumbuka maneno ya yule daktari kuhusu waya uliochubuka.

Homa nayo ni joto. Jua la saa saba lilikuwa limeingia ndani ya mwili wangu usiku wa manane.

Kidonge cha uzi mwekundu nilikuwa nakilaza kando ya mto tangu niliporudi Dar, nikipime kila asubuhi kabla ya kusema na mtu. Nikawasha taa. Nikakiinua, nikafumba la kushoto.

Rangi haikuwepo, na uzi wenyewe haukuwepo. Nilikuwa nakisikia kwenye vidole, mikunjo yake myembamba, lakini mbele ya jicho palikuwa moshi mtupu.

Ni homa, nikajiambia. Homa ikishuka, uzi utarudi, kama ulivyokuwa unarudi jioni kwa maji ya kisima. Au si homa. Au ndilo lile alilonikataza. Tofauti ya hayo mawili nitaijuaje, saa nane usiku, peke yangu, na dawa ishaingia?

Ndipo nilipoona kioo cha simu kinamulika ukutani, bila sauti. Nikaigeuza. Simu kumi na moja hazikupokelewa, zote namba moja. Na ujumbe, umeingia saa tatu na dakika ishirini, dakika chache baada ya kuitupa sindano kwenye kopo:

"Mama Nasra, majibu yamefika. Mumeo alinipigia jioni kuuliza habari za sindano, ndipo nikajua kuna dawa hapo nyumbani. Usiiguse. Nipigie ukiona hii, saa yoyote."

Nikashusha miguu nimkimbilie mama chumbani kwake. Nilitazama chini nihakikishe nimekanyaga. Mguu wa kulia ulikuwa sakafuni, kimya, kama ilivyo kawaida yake siku hizi.

Wa kushoto nao ulikuwa sakafuni. Na wa kushoto nao ulikuwa kimya.

Simu ikaanza kumulika tena mkononi mwangu. Namba ileile.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO